Mkono Uliomsuka Raudha

Jumatatu, 14 Agosti 2023

Nimenunua daftari hili asubuhi kwa sababu nina kitu siwezi kumwambia mtu. Sijaandika hivi tangu nimalize shule. Nitalifungia kwenye droo ya saluni, chini ya mataulo. Labda kichwa kitatulia.

Jana tumemzika Raudha. Miaka minane. Mtoto wa shoga yangu Chausiku, nyumba ya tatu kutoka hapa saluni. Alipotea Jumanne iliyopita, siku ya Nane Nane, saa nne asubuhi. Alitumwa vitumbua hapo kona tu. Akapatikana Jumamosi huko Tegeta, ndani ya pagale moja lisilo na bati. Sie tuko Temeke — Tegeta ni upande wa pili wa jiji kabisa. Fundi aliyefuata mbao zake ndiye aliyemkuta. Amelazwa ubavu, kafunikwa shuka mpaka mabegani, kama mtu aliyelala.

Daktari kasema alikosa hewa. Mtu alimziba pua na mdomo.

Nimemwosha mie. Mie na Bi Tabu, na dada mmoja wa msikitini aliyekuwa anamimina maji tu. Bi Tabu ndiye aliyenifundisha kazi hii alipofariki mama. Mwaka wa sita sasa, wanawake na watoto wa mtaa huu tunawaosha sie. Nimeosha vichanga. Sijawahi kutetemeka kama jana.

Sasa hicho kitu. Tulipomfunua kichwa, kasukwa. Mtindo wa twende kilioni, mistari midogo midogo, mipya. Ngozi ya kichwa bado inang'aa mafuta. Na Jumatatu ile, siku moja kabla hajapotea, nilimwona kwa macho yangu hapa mlangoni, nywele timutimu, mamake anamkimbiza na chanuo. Kwa hiyo kasukwa huko huko alikokuwa. Kati ya Jumanne na Ijumaa kuna mtu alikaa naye saa mbili, labda tatu, kamlaza kichwa mapajani, akamsuka.

Nilimtazama Bi Tabu. Akanitazama. Akasema taratibu, fumua.

Ndivyo inavyofanywa. Nywele zinafumuliwa, zinaoshwa, zinasukwa mikia mitatu, inalazwa nyuma. Nikafumua, mstari mmoja mmoja. Tulipomaliza Bi Tabu akatukumbusha kama anavyotukumbushaga siku zote: tulichokiona humu kinabaki humu. Ni sitara ya maiti.

Chausiku alionyeshwa uso tu, kafani imeshafunga kichwa. Hajui.

Nimefumua kwa mikono yangu. Hilo ndilo sijui niliweke wapi.


Jumatano, 16 Agosti

Saluni imejaa, lakini si kwa kusuka. Kila mtu ana lake la kusema.

Kuna Noah nyeusi, ati inazunguka Temeke nzima inaokota watoto. Kuna waganga — mtu mkubwa anatafuta cheo, kaagizwa kiungo cha mtoto. Mwingine kasema figo, watoto wanasafirishwa kwenye majokofu ya samaki. Na yule mama wa nyumba ya kijani kasogea sikioni kwangu: muangalieni Anwar. Baba wa mtoto. Ana mwanamke Mbagala, na mwanamke huyo hataki kusikia habari za Chausiku wala wanawe.

Mie nachana nywele, naitikia ehee, ehee. Ndani nawajibu mmoja mmoja.

Noah — hapana. Mama wa vitumbua anasema hakuna aliyemshika. Raudha alikuwa amesimama na sahani anasubiri viive. Akatazama ng'ambo ya barabara. Akacheka, akaweka sahani juu ya ndoo, akakimbia. Mama kageuza vitumbua vyake, kuinua macho mtoto hayupo. Mtoto hakimbilii gari la watu asiowajua huku anacheka.

Waganga, figo — hapana. Mwili nimeuosha mie. Mbali na mshono wa daktari hakupungukiwa kitu.

Mwanamke wa Mbagala — sijui. Inawezekana. Lakini mtu anayekuchukia hakusuki mistari ishirini na miwili. Nilihesabu wakati nafumua. Ishirini na miwili, kichwa kidogo vile. Hiyo ni kazi ya mtu asiye na haraka.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Kaogeshwa — alikuwa ananukia sabuni ya unga wa dengu, na kucha zimekatwa. Gauni lake lile la njano limefuliwa. Kalishwa, daktari kakuta chakula. Kasukwa. Halafu kauawa. Ni mtu mmoja au wawili? Mkono uliomsuka ndio uliomziba mdomo?


Alhamisi, 17 Agosti

Wamemkamata Marijani.

Marijani ni bodaboda wa kijiwe cha hapa, ndiye aliyekuwa anampeleka Raudha shule mvua ikinyesha. Kuna mtu kasema siku ya Nane Nane alimwona kampakia mtoto wa kike, anaelekea barabara kubwa. Marijani anasema kweli alimpakia mtoto, lakini alikuwa na mamake, abiria wa kawaida, kawashusha Chang'ombe. Abiria huyo nani amtafute?

Kabla polisi hawajafika walishampiga. Pikipiki wameichoma. Moshi umeingia mpaka humu ndani, wateja wakatoka na rangi kichwani kwenda kutazama. Anwar alikuwepo pale. Hakupiga. Hakuzuia pia.

Marijani ni mtoto wa marehemu dada yake Bi Tabu. Kalelewa na Bi Tabu tangu ana miaka minne.


Jumapili, 20 Agosti

Bi Tabu kaja. Saluni nilikuwa nimefunga, nafua mataulo uani. Kaingia kwa mlango wa nyuma, kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kabla sijamletea kiti.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta taulo moja, akaanza kulikamua. Halafu akasema, kama anaendelea na mazungumzo tuliyokwisha kuyaanza:

"Marijani hajui kusuka."

Nikasema najua.

"Anaishi chumba kimoja na mkewe na wanawe wawili, ukuta wangu na wake ni mmoja. Angemficha wapi mtoto siku tatu nisimsikie?"

Nikamuuliza mbona asiende kituoni akaeleza. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. Kasema akienda yeye watasema bibi anamtungia mwanawe hadithi. Nywele zenyewe ziko wapi? Zimefumuliwa. Na aliyeamuru zifumuliwe ni yeye.

"Na wewe nilikufunga mdomo," akasema. "Nilikufunga kwa haki. Siku ile ilikuwa haki. Leo sijui."

Miaka sita niko naye, sijawahi kumsikia akisema sijui.


Jumanne, 22 Agosti

Leo nimekubali. Nilikuwa nalikwepa tangu Jumapili ile ya maziko.

Msusi ana mkono wake kama mtu alivyo na mwandiko. Nikishika kichwa kilichosukwa na mwenzangu wa mtaa wa pili namjua. Sasa siku ile, nafumua, vidole vyangu vikawa vinakosea. Naenda huku, nywele zinataka kule. Mwanzo nikadhani ni kutetemeka. Si kutetemeka. Mistari ililalia upande wa pili. Msusi ni wa mashoto.

Na ncha. Wasusi wengi wanachoma ncha, au wanafunga mpira. Mie watoto siwachomi, ncha iliyochomwa inawakwaruza shingo. Nafunga uzi mweusi, mizunguko mitatu, ile ncha ya uzi naipenyeza ndani isionekane. Kanifundisha mama. Mistari yote ishirini na miwili ya Raudha ilifungwa hivyo.

Nimemfundisha mtu mmoja tu katika maisha yangu. Loveness. Na Loveness ni wa mashoto.

Nimeandika jina.

Loveness alikuja kwangu kutoka Mbeya akiwa na begi moja. Miaka mitatu kafanya kazi na mie, kalala chumba changu cha nyuma, kala sahani moja na mie. Mwaka juzi alijifungua mtoto wa kike, akaishi siku tisa. Baba wa mtoto hakuonekana. Ndipo akakutana na Gibson, akaolewa, Desemba iliyopita akahamia kwa mumewe. Tegeta. Kafungua saluni yake huko. Tuliachana vibaya, wateja wangu wengine walimfuata na mie nikamwambia maneno. Tangu hapo ni salamu za sikukuu tu.

Raudha alikuwa hasukwi na mtu. Analia, anapiga mateke, mamake mwenyewe alimshindwa. Kwa Loveness tu ndiko alikokaa kimya. Alikuwa anaingia hapa, anapanda mwenyewe mapajani kwake, anainamisha kichwa.

Nimechukua kile kichwa cha plastiki cha kufundishia, nikasuka mistari miwili kwa mkono wangu. Nikajaribu miwili kwa mkono wa kushoto. Nikaitazama. Nikafumua yote haraka, mteja alikuwa anaingia.

Lakini je, kama ni hasira zangu tu? Kama kule Tegeta kafundisha wasichana kumi, na mmoja wao naye ni wa mashoto? Kama vidole vyangu viliona kitu ambacho hakikuwepo?


Ijumaa, 25 Agosti

Nimekwenda kukaa na Chausiku. Turubai limeshaondolewa, wageni wamepungua. Alikuwa anakunja nguo za Raudha, anazikunjua, anazikunja tena.

Akaniuliza bila kunitazama: "Shoga, alikuwa mchafu?"

Nikasema hapana. Alikuwa msafi.

"Usinifariji."

"Sikufariji. Alikuwa ananukia sabuni."

Akaacha kukunja. Nikaona limeingia, likazunguka ndani yake, likakaa. "Basi kuna mtu alimuogesha," akasema. Halafu: "Mwanangu mie haogi kwa mtu asiyemjua."

Hapo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikainuka nikamwambia natia chai.


Jumatatu, 28 Agosti

Bi Tabu kanipitia saa tatu, tukaenda kwa shehe wetu. Bi Tabu ndiye aliyeeleza. Hakutaja jina la mtu, hakumtaja Marijani. Kasema tu: kuna alama tuliiona kwenye maiti, inaweza kumtoa asiye na kosa na kumfikia mwenye kosa.

Shehe hakuchukua muda. Kasema sitara ni kumfunika maiti asidhalilike. Haijawekwa kumfunika aliyemuua. Tukaseme, na tuseme tulichokiona tu, tusiongeze hata nukta.

Njiani Bi Tabu alinishika mkono. Kiganja chake kina baridi siku hizi. Kasema: "Sema wewe. Mie nitakaa pembeni niseme ndiyo."


Jumatano, 30 Agosti

Kituoni tangu saa mbili asubuhi. Mpelelezi wa kesi anaitwa Inspekta Gozbert, mtu wa Bukoba, anaongea taratibu na anaandika kila neno kwa mkono. Nilidhani atatucheka. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilipofika kwenye kufumua akaweka kalamu chini.

"Mama, unajua ulichofanya?"

Nikasema najua, afande.

"Ule ulikuwa ushahidi."

Bi Tabu akasema ni yeye aliyeamuru, na ndiyo taratibu ya dini, na hata polisi walipoukabidhi mwili hakuna aliyetuambia tuache kitu. Gozbert akatikisa kichwa. Akakiri kwamba nywele hakuna aliyeziangalia. Kwenye ripoti ya daktari pameandikwa neno moja tu, zimesukwa. Nani aulize? Watoto wa kike wanasukwa.

Akatoa bahasha. Akatuuliza kama tunaweza kutazama. Picha za hospitali. Nyingi zimeshika uso na shingo. Moja ilikuwa ya pembeni — kuonyesha alama iliyokuwa chini ya taya — na juu ya alama, nyuma ya sikio, mistari minne. Bi Tabu kageuka dirishani. Mie nikatazama. Nikaomba karatasi. Nikachora jinsi mstari wa mkono wa kulia unavyolala na wa kushoto unavyolala. Nikaweka karatasi kando ya picha. Gozbert akaita mwenzake, askari wa kike mwenye rasta chini ya kofia, akamuuliza bila kumwambia kitu: hapa unaona nini? Yule dada akainama, akatazama. "Huyu msusi ni wa mashoto, afande."

Nililia hapo. Sijui kwa nini hapo.

Ndipo nikalitaja jina. Nikaeleza na uzi, na mizunguko mitatu. Uzi wenyewe hauko, ulitupwa na maji. Nikaeleza pia kwamba tuliachana vibaya, asije akaambiwa na mtu mwingine. Akaandika na hilo.

Halafu akaanza kuniuliza maswali ambayo mie najiuliza kila siku. Dar nzima wasusi wa mashoto wangapi? Loveness kaonekana Temeke siku ya Nane Nane, na nani? Kama alimtaka mtoto, alitegemea atamweka wapi, mtoto wa miaka minane anayejua kwao na jina la babake? Na kama alimpenda kiasi cha kumsuka, nani alimziba mdomo? Akasema yeye anafikiri hivi — na akaniomba nisirudie popote — kwamba Alhamisi jioni picha ya Raudha ilianza kuzunguka kwenye simu, makundi yote, mpaka huko Tegeta. Mtu aliogopa. Mtoto alipaza sauti wakati jirani anapita, mtu akamnyamazisha. Labda hakukusudia. Labda alikusudia. "Lakini hayo ni mawazo, mama. Mawazo hayaendi mahakamani."

Nikauliza Marijani atatoka? Kasema si leo. Katuonya: habari ya nywele isitoke. Mtu yeyote akiijua bila kuambiwa, hiyo ndiyo itakuwa na maana.


Jumamosi, 2 Septemba

Nimevunja onyo la Gozbert. Nimemwambia Chausiku.

Siwezi kukaa naye kibarazani huku afande mgeni wa Bukoba anajua habari za kichwa cha mwanawe na yeye hajui. Nilimwambia yote, na kufumua. Nilisubiri anipige. Hakunipiga. Kauliza mistari mingapi. Nikasema ishirini na miwili. Akauliza ilikuwa imenyooka? Nikasema imenyooka sana.

Nikataja jina.

Akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana, Loveness hapana. Halafu akaacha. Akasema: "Unakumbuka nilichokuwa namwambia?"

Nakumbuka. Pale saluni, kila mara Raudha akikaa kimya kwa Loveness, Chausiku alikuwa anatania: mchukue tu huyu, nimekupa, anaumiza kichwa changu. Na Loveness anajibu: nitakuja kumchukua kweli, dada, usije ukalia. Na sisi wote tunacheka. Mie nilicheka.

"Nilimpa," Chausiku akasema. "Mara ngapi nilimpa?"

Nikamshika. Kaapa hatamwambia mtu, hata Anwar. Anwar akisikia atakwenda Tegeta na panga.

Nimerudi nyumbani. Nimetoa siri ya maiti, nimetoa siri ya polisi. Nimebaki na nini?


Jumanne, 5 Septemba

Gozbert kapiga simu. Walikwenda Tegeta jana. Wamemkuta Loveness saluni kwake, anasuka. Kasema hajafika Temeke tangu Idi. Nane Nane alishinda nyumbani anaumwa. Mumewe kathibitisha, tena kwa ukali, kawauliza kama wana karatasi ya kumhoji mkewe. Majirani hawakuona mtoto. Jirani mmoja tu kasema wiki ile katuni zilikuwa zinalia kwenye televisheni ya kina Gibson mchana kutwa. Basi. Katuni si kosa.

Nikauliza, mmemwambia habari ya nywele?

"Hatukutaja nywele kabisa, mama. Tulimuuliza kama anamfahamu mtoto."

Alisemaje?

"Alisema anamfahamu. Akaendelea kusuka."

Kwa mkono gani, nikauliza. Akasema wa kushoto.

Pagale lile liko mtaa wa nne kutoka kwao. Lakini Tegeta mapagale yako kila mtaa. Kila nikipata kitu, kinakuja na lakini yake.

Marijani kapelekwa tena mahakamani leo, kesi imeahirishwa. Bi Tabu alikwenda na chakula. Kasema jino la mbele halipo na haongei sana.


Alhamisi, 7 Septemba

Saa nne na nusu asubuhi.

Loveness kapiga. Namba mpya. Sikuijua, nikapokea.

"Shikamoo, Dada Mwamvua."

Tangu Idi sijaisikia sauti hiyo. Nikaitikia marahaba. Akasema polisi walikuja kwake. Nikasema nimesikia. Akasema, ni wewe, dada? Hakugomba. Akauliza Chausiku anakula. Nikasema kidogo. Akauliza wameweka nini pale kaburini. Nikasema kibao, jina na tarehe.

Nikadhani atakata. Nikawa namsikia anapumua. Halafu akasema polepole sana:

"Dada, mlimfumua?"

Nikauliza, nani?

"Zile nywele. Mlizifumua au alikwenda nazo?"

Sikujua kinywa changu kitasema nini. Kikasema kweli. Nikasema tulimfumua, Loveness. Nilimfumua mie.

Akatoa sauti ambayo niliisikia kwake mara moja tu, siku ya tisa, chumba cha nyuma. Halafu: "Alikaa kimya, dada. Alikaa kimya mpaka mwisho."

Mwisho upi? Mwisho wa kusuka? Nilishindwa kuuliza.

Kasema anakuja. Anataka kuongea na mie, si na polisi, na Gibson asijue. Nikamuuliza Gibson alifanya nini. Simu ikakatika.

Nimempigia Gozbert. Yuko mahakamani, kanong'ona, kasema nimweke hapo, asiondoke, wanatoka. Nimekaa nafikiri: je, kama ni Chausiku aliyempigia akamwambia habari ya nywele? Nimemtumia ujumbe, hajajibu. Kama ni yeye, basi swali lile halina maana yoyote. Kama si yeye…


Saa saba kasoro

Wateja nimewarudisha wote. Nimesema maji yamekatika.

Chausiku kajibu. Hajaongea na Loveness tangu mwezi wa nne. Kaapa kwa Raudha.

Gozbert hajafika. Simu yake haipatikani sasa.


Saa saba na robo

Amekuja. Yuko ng'ambo, kwenye kivuli cha kibanda cha wakala wa simu. Peke yake. Kavaa gauni la kitenge, kajifunga kilemba, kakonda sana. Kaniona kupitia kioo. Nimempungia mkono aje. Hajavuka. Anatazama kulia, kushoto, barabara iko wazi, havuki.

Naandika nimesimama. Nisipoandika nitakimbia nimshike, na sijui nikimshika nitamfanya nini. Nitamkumbatia. Nitamkaba. Yote mawili yako mikononi.

Kashuka hatua moja barabarani. Kasimama.

Chausiku anatokea uchochoroni, upande ule ule, na mfuko wa mboga. Hajamwona. Anatembea kichwa chini kama anavyotembea siku hizi. Hatua kumi. Nane.

Loveness kamwona.

Amekaa chini. Pale pale kwenye vumbi, kama aliyekatwa miguu, kainamisha kichwa, mikono yote miwili mbele, viganja juu. Chausiku kasimama juu yake. Mfuko umeanguka.

Hakuna anayepiga kelele. Naenda.